Mlio wa Pili

Kengele ya kutoka shule ikishalia, Chiriku hakuwa na muda wa kupoteza. Alipita nyuma ya zahanati, akakata kona penye kinyozi, na kabla jasho halijamkauka shingoni alikuwa ameshafika kwenye chumba cha kazi cha baba yake mkubwa. Kilikuwa chumba chenye mlango mmoja na dirisha moja, kimejaa viti vilivyotoboka makalio, vimepangwa hadi darini vikingoja kusukwa upya.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba, mama. Leo umesimama kwa kinyozi. Kuna nini huko cha kutazama?"

"Umejuaje?"

"Viatu vyako vilinyamaza hapo kidogo. Wewe ukinyamaza, hata miguu, lazima mtu ajiulize."

Chiriku halikuwa jina lake la shule. Alibandikwa jina hilo na watu wa nyumbani kwa sababu ya mdomo wake, uliokuwa haujui mapumziko. Na Baba Mkubwa, ambaye macho yalimzimika akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, alikuwa akipenda kelele zake. Mzee huyo aliijua dunia kwa vidole na kwa masikio. Kwa vidole alisuka viti ambavyo watu walivifuata kutoka mitaa ya mbali. Kwa masikio alivuka barabara kubwa kila asubuhi peke yake, huku wenye macho wakisitasita pembeni.

Miezi miwili nyuma, Benki Kuu ilikuwa imeleta watafiti mtaani kwao. Walikuwa wanachunguza kama nchi itoe pesa ya kidijitali au isitoe. Mtafiti mkuu, mama mmoja mwembamba mwenye sauti ya upole, alieleza kwenye mkutano kwamba ingekuwa pesa ile ile ya taifa yenye thamani ile ile, ila badala ya kuwa noti au sarafu, ingekaa ndani ya kifaa kidogo.

"Hatujaamua kuitoa," alisema. "Huenda tukaona haifai. Ndiyo maana tunakuja kuuliza kabla hatujajenga."

Baba Mkubwa alinyoosha mkono. "Mimi noti nikiipitisha kati ya vidole naijua ni ya ngapi. Mtu aliwahi kunipa karatasi ya daftari. Nikamrudishia, nikamwambia hii haina hata somo lililoandikwa. Sasa pesa isiyoshikika nitaijuaje?"

Watu walicheka. Mtafiti hakucheka, aliandika. Wiki iliyofuata alirudi na vifaa viwili vidogo kama vipande vya sabuni, kila kimoja na kioo chake na spika yake. Malipo yakipita, kifaa hulia mara moja. Yakikataa, hulia mara mbili.

"Ukisahauliwa msingi unapochimbwa," Baba Mkubwa alisema akivipapasa, "utakumbukwa nyumba ikishaezekwa, na hapo hakuna wa kukuongezea chumba. Nitavipima."

Msaidizi wake akawa Chiriku. Sehemu ya kwanza ya kazi ilikuwa kupima vifaa penye mtandao, na waliifanya pale pale chumbani bila tatizo. Sehemu ya pili ilikuwa siku tisa za kupima pasipo na mtandao. Kila siku saa kumi, wawili hao walitakiwa kushuka hadi kwenye machimbo ya kokoto, ambako simu zote hufa, na kufanya malipo kumi ya majaribio, baadhi yake yakiwa yametegwa yakatae. Mzee angesikiliza na kusema kama yamepita au yamekataa. Chiriku angetazama kioo na kuandika daftarini kama mzee amesikia sawasawa.

Tatizo ni kwamba saa kumi ilikuwa pia saa ya mazoezi ya mpira wa pete. Chiriku alikuwa ndiyo kwanza ameingia kwenye timu ya shule, na mashindano yalikuwa yamekaribia. Mwalimu wa michezo alikuwa ameshasema, na hakuwa mtu wa kusema mara mbili: anayekosa mazoezi mara tatu atafute mchezo mwingine.

"Andika tu," nahodha wa timu alimwambia siku moja kabla ya kazi hiyo kuanza. Nahodha huyo aliitwa Twiga kwa ajili ya urefu wake. "Penye mtandao vifaa vilikosea?"

"Hata mara moja."

"Na pasipo na mtandao vitakuwa vile vile. Kifaa ni kifaa. Nani atajua?"

Jioni hiyo Chiriku alimwambia Baba Mkubwa, akitazama sakafu ingawa hapakuwa na haja ya kutazama popote: "Mtafiti ametuma ujumbe. Sehemu ya pili inafanywa na msaidizi peke yake. Wanapima kifaa tu."

Mzee alisimamisha vidole juu ya kamba. "Ajabu hiyo. Nilidhani wanataka masikio yangu." Kisha akaendelea kusuka, kwa maana zahanati ilikuwa imempa viti thelathini vya kukarabati. "Haya, wao ndio wataalamu. Lakini ukienda machimboni usisogee kingoni."

"Sawa, Baba Mkubwa."

Machimboni hakwenda. Kwa siku tisa alicheza mpira wa pete, na kila siku baada ya mazoezi alikaa kwenye benchi la uwanjani akajaza ukurasa mmoja. Malipo yamepita, mzee amesikia sawasawa. Malipo yamekataa, mzee amesikia sawasawa. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa kunyooka kama viraka vya fundi mwangalifu. Mistari tisini ilijaa bila kifaa kutoka mfukoni.

Jumatatu mtafiti alikuja kuchukua taarifa. Aliketi juu ya kiti kilichosukwa nusu, akafungua daftari, akasoma ukurasa hadi ukurasa.

"Hili ndilo daftari safi kuliko yote," mtafiti alisema. "Mzee, hongera kwa kazi ya machimboni."

"Hongera ni zake huyu," Baba Mkubwa alijibu. "Mimi nilikuwa hapa na viti vyangu."

Chiriku akamtazama mtafiti usoni. Lakini mtafiti alitabasamu tu, akidhani ni unyenyekevu wa mtu mzima.

"Nitakwambia jambo," alisema, akafunga daftari. "Watu wasioona waliokuwa wanapima kifaa pasipo na mtandao walikuwa watatu. Mmoja amehama, mwingine anaumwa. Umebaki wewe. Kamati ya Benki Kuu inakutana Alhamisi. Ikiridhika na milio hii, vifaa elfu tano vitapelekwa mikoani kwa majaribio makubwa. Ningependa mje nyote wawili, mzungumze wenyewe. Shuleni nitaomba ruhusa mimi."

Alipoondoka, Baba Mkubwa alinyoosha mkono akampapasa Chiriku kichwani. "Benki Kuu, mama. Na wewe ndiye utakayebeba daftari."

Chiriku aliitikia kwa mguno. Usiku wa siku hiyo alijipa moyo kwamba hakuna aliyeumia. Kosa lisilo na majeruhi, alijiambia, ni kama halipo.

Jumanne alimsindikiza Baba Mkubwa kwenye duka la dawa. Lilikuwa moja ya maduka machache yaliyopewa vifaa, na mzee alitaka kununua vidonge vyake vya presha kwa pesa ile mpya. Ndani palikuwa na foleni, feni inazunguka kwa kelele, na muuza dawa alikuwa analalamika kwamba mtandao umekatika tangu mchana.

"Haidhuru," Baba Mkubwa alisema. "Hiki hufanya kazi hata bila mtandao."

Chiriku alibaki mlangoni akisoma tangazo ukutani. Mzee alikigusanisha kifaa chake na cha dukani. Pii. Mlio mmoja. Akakitia kifaa mfukoni, akachukua vidonge, akashukuru, akaanza kutoka na fimbo yake mbele. Hajavuka kizingiti, mlinzi akamshika bega.

"Mzee, hujalipa."

"Nimelipa. Kimelia mara moja."

"Mashine yangu haijaona kitu," muuza dawa alisema kutoka kaunta, na hakusema kwa ukali, lakini duka zima lilikuwa limeshageuka. "Nirudishie vidonge kwanza, mzee wangu, tutazame."

Mwanamume mmoja katika foleni akamnong'oneza mwenzake, kwa mnong'ono wa watu wanaodhani asiyeona pia hasikii: "Kipofu naye ana mbinu zake."

Baba Mkubwa alisikia. Chiriku aliona mgongo wa mzee ukinyooka kama mti. Taratibu alitoa noti kutoka mfuko wa ndani, akazipitisha moja moja kati ya vidole, akalipa kamili. Hakujitetea tena. Chiriku alichukua kifaa na kukitazama. Kwenye kioo kulikuwa na maneno matatu: Malipo yako hayakupita.

Walishika njia ya nyumbani.

"Kililia mara ngapi, mwanangu?"

"Sikusikia. Nilikuwa mlangoni."

"Na kule machimboni, katika mara zote tisini, kilikosea hata mara moja?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Chiriku alipaona wazi, kama mtu anavyoona daraja, na akalipita bila kulivuka. "Hapana," alisema.

"Basi kifaa ni kizima." Mzee alivuta pumzi. "Ni masikio yangu."

Siku iliyofuata, Chiriku alipotoka shule alimkuta Baba Mkubwa kando ya barabara kubwa. Alikuwa amesimama na fimbo yake, kichwa kimeinama upande. Magari yakapita, ikaja nafasi. Hakuvuka. Yakapita mengine, ikaja nafasi nyingine, pana kuliko ile ya kwanza. Aliinua mguu mmoja, akaurudisha. Mwishowe alimsikia mpita njia akikaribia, akamwambia kwa sauti ndogo, "Samahani ndugu yangu, nishike mkono."

Katika miaka yote Chiriku hajapata kumsikia akiomba hivyo. Hakumkimbilia. Aligeuka, akaenda chumbani kwa viti, akachukua vifaa vyote viwili na kushuka navyo machimboni.

Palikuwa kimya huko chini, kuta za mawe zimesimama pande tatu. Akafanya malipo ya kwanza. Pii, yamepita. Ya pili, ya tatu, sawa. Katika malipo ya nne kifaa kikalia pii mara moja, naye akashusha pumzi. Akatazama kioo. Hakikuandika kitu bado. Akaanza kuhesabu bila kujua kwa nini anahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Pii. Malipo yako hayakupita.

Mlio wa pili ulikuwepo. Ulichelewa tu, ukaja wakati mtu ameshatia kifaa mfukoni na kushukuru na kuondoka.

Alimaliza mara kumi. Mara tatu mlio wa pili ulichelewa. Masikio ya Baba Mkubwa hayakuwa na kasoro yoyote. Kama angeshuka hapa na mzee siku ya kwanza tu, jambo hili lingejulikana ndani ya robo saa.

Alipanda kilima mbio, maneno yakiwa tayari mdomoni. Lakini mlangoni pa chumba cha kazi alisikia sauti ya mama yake. Mama alikuwa ametoka kazini kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, bado mikono yake inanuka dawa ya kuulia vijidudu.

"Nimekuombea nafasi kwa daktari wa masikio," mama alikuwa akisema. "Ijumaa."

"Ahsante, shemeji." Baba Mkubwa alipapasa kamba za kiti. Alipoendelea, sauti yake ilikuwa ya mtu asiyejua kwamba anasikilizwa na mtoto. "Macho yalipoondoka, nilisema sawa, nimebaki na masikio. Yakiondoka na haya, nitabaki na nini?"

Na Chiriku, ambaye tangu azaliwe hajawahi kukosa neno, alisimama nyuma ya mlango na vifaa viwili mkononi, ulimi umemganda. Aliogopa kuingia akamwona mzee akigundua kwamba hofu yote ile imetokana naye. Akarudi nyuma hatua kwa hatua. Kesho, alijiambia. Nitamwambia njiani.

Lakini njiani walikuwa na mtafiti ndani ya gari, naye alizungumza safari nzima.

Jengo la Benki Kuu lilikuwa na milango ya kioo iliyojifungua yenyewe na walinzi waliopitisha mikoba ya watu kwenye mashine. Waliingia lifti, wakatoka kwenye ukumbi wenye zulia lililomeza hatua zao, hata Baba Mkubwa akasita. Mezani walikuwa watu tisa. Mwenyekiti wao alikuwa mzee mwenye mvi na mikono ya shati iliyokunjwa, na mbele yake, limefunguliwa, lilikuwa daftari la Chiriku.

"Karibuni," alisema. "Tumeisoma kazi yenu. Mara tisini bila kosa hata moja. Vifaa vinasubiri kwenye maboksi, wakubwa wangu wananisukuma, na nataka kutia saini leo. Lakini nilitaka kwanza kumsikia mwenyewe. Mzee, milio hii inakutosha?"

Baba Mkubwa aliweka viganja juu ya meza. "Ndugu mwenyekiti, sitaficha kitu. Juzi nilifedheheka. Nilidhani nimelipa, kumbe sikulipa, nikashikwa mlangoni kama mwizi. Lakini nisingependa mkilaumu kifaa. Mtoto huyu amekipima mara tisini, hakikukosea. Kasoro ni yangu. Nimeanza kupoteza kusikia. Kwa hiyo mnapohesabu, mimi niondoeni, lakini kifaa..."

"Si masikio yake."

Sauti ilitoka ndogo, kama ya mtu mwingine. Vichwa vyote viligeuka. Chiriku alikuwa amesimama, ameshika ukingo wa kiti.

"Si masikio yake," alirudia. "Ni kifaa. Mlio wa pili unachelewa pasipo na mtandao. Mara tatu katika kumi. Nimepima jana."

"Jana?" mwenyekiti aliuliza. "Na hizi mara tisini?"

"Hizo sikupima. Niliziandika tu, uwanjani. Nilikuwa kwenye mazoezi ya mpira wa pete. Baba Mkubwa nilimdanganya, nikamwambia hatakiwi kwenda. Yeye hana kosa. Mtafiti naye hana kosa."

Mtafiti alikuwa amelitazama daftari, mahali alipokuwa ameweka sahihi yake chini ya kila ukurasa. Mwenyekiti alifunika kalamu yake.

"Binti, unajua ni watu wangapi walikuwa nyuma ya kurasa hizi?"

"Elfu tano."

"Na wasioona kati yao?"

"Sijui."

"Mia mbili na kumi," mtafiti alisema polepole. "Mia mbili na kumi wangesimama kwenye milango ya maduka kama mzee alivyosimama. Kila mmoja angejiona ni yeye mwenye kasoro."

Chiriku hakulia. Alitamani kulia, lakini machozi nayo yalikataa kuja. Alimtazama Baba Mkubwa. Mzee hakuwa amegeuka upande wake. Alikuwa ameinamisha kichwa, kama anavyofanya anaposikiliza kitu cha mbali. Kimya chake kilimuuma Chiriku kuliko maneno yote ya mezani.

Hatimaye mzee alisema, si kwa Chiriku bali kwa mwenyekiti: "Jengo hili lina mahali pasipo na mtandao?"

"Ghala la chini. Kuta zake ni nene, simu hazishiki."

"Twende."

Wakashuka wote, watu tisa wa kamati na wao watatu, kwa ngazi, hadi kwenye chumba chenye baridi na taa nyeupe. Mtafiti alishika kifaa kimoja, Baba Mkubwa kingine. Chiriku aliambiwa asimame ukutani, na mara hii mwingine ndiye aliyeandika.

"Yamepita," mzee alisema baada ya mlio wa kwanza. "Yamepita. Yamekataa." Alikuwa anasubiri kila mara, kifaa amekiweka karibu na shavu, wala hakukitia mfukoni. Mara ya tano kililia pii, na mtu mmoja wa kamati akaandika kwamba yamepita. "Subiri," Baba Mkubwa alisema. Wakasubiri. Mwenyekiti alikuwa anahesabu kwa vidole, na alipofika kidole cha nne, kifaa kililia tena.

"Yamekataa," mzee alisema. Na Chiriku, pale ukutani, aliona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetuliwa gunia.

Katika mara kumi, mlio wa pili ulichelewa mara mbili. Mzee alisikia yote.

Waliporudi juu, mwenyekiti hakutia saini. Aliagiza maboksi yasiondoke hata moja mpaka mlio ubadilishwe na kupimwa upya, na kwamba kuanzia sasa daftari la majaribio lisishikwe na msaidizi bila mtafiti kuwepo. "Hilo la pili ni kosa letu watu wazima," alimwambia mtafiti. "Tulimpa mtoto mzigo, tukamwachia bila kumtazama." Mtafiti aliitikia kwa kichwa, hakujitetea.

Kisha alilivuta daftari mbele ya Chiriku, akampa kalamu nyekundu.

Chiriku alishika ukurasa wa kwanza ili auchane.

"Hatuchani," mtafiti alimzuia. "Kwenye utafiti hatufichi tulipokosea. Unapiga mstari mmoja, maandishi ya chini yaendelee kusomeka, halafu unaandika kwa nini."

Chiriku akapiga mstari. Chini yake akaandika: Sikufanya majaribio haya. Akafungua ukurasa wa pili, akaandika tena. Mara tisa. Mwandiko wake mzuri haukuwahi kumtia aibu namna ile.

Nje ya jengo, Baba Mkubwa alikataa gari. Alisema anataka kutembea. Mbele yao palikuwa na barabara pana kuliko ile ya mtaani kwao. Mzee alisimama, akainamisha kichwa, akasikiliza.

"Baba Mkubwa," Chiriku alianza, na hapo machozi yaliyokuwa yamekataa yakaja yote kwa pamoja. "Nisamehe. Nilikuona jana barabarani. Nilikuona na nikanyamaza."

"Niache nivuke kwanza," mzee alisema.

Alivuka peke yake, kwa hatua zake zile za zamani. Chiriku alimfuata nyuma, na walipofika upande wa pili mzee alimnyooshea kitambaa chake cha mfukoni.

"Nimekasirika, mwanangu, na nitaendelea kukasirika siku mbili tatu. Usiogope. Hasira si mwisho wa undugu. Ila kesho huendi mazoezini."

Mlio mpya ulikuja baada ya wiki tatu. Malipo yakipita, kifaa kilitoa sauti moja ndefu yenye kupanda. Yakikataa, kilitetema mkononi na kutamka wazi kwa sauti ya mtu: Hayakupita. Siku tisa zikaanza upya, na safari hii Chiriku, Baba Mkubwa na mtafiti walishuka machimboni pamoja kila saa kumi. Timu ya mpira wa pete ilicheza nusu fainali bila yeye. Twiga alinuna, kisha akaacha kununa mwenyewe, kwa sababu timu ilishinda. Mama naye aliifuta nafasi ya daktari wa masikio, na wiki nzima akamtuma Chiriku kuchota maji ya nyumba mbili.

Siku ya sita kifaa kilikosea mara moja. Sauti ilitoka ikiwa imekatika katikati, na neno likasikika nusu. Chiriku alishika kalamu, akasita.

"Niandike?" aliuliza. "Ni mara moja tu. Daftari lilikuwa halina doa."

Mtafiti alimwachia mzee ajibu.

Baba Mkubwa aliketi juu ya jiwe, akaweka fimbo magotini. "Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe ulificha maradhi ya kidude kidogo kama sabuni, ukasema hakuna aliyeumia. Lakini uongo hauketi pale ulipouweka, mwanangu. Ulitoka daftarini, ukaingia dukani ukanifanya mwizi, kisha ukaingia kichwani mwangu ukanifanya nisiyaamini masikio yangu mwenyewe. Na ulikuwa unajiandaa kusafiri mikoani. Benki Kuu huenda ikaitoa pesa hii, huenda isiitoe. Hilo wataliamua wenyewe, na wataliamua kwa kile tutakachowaambia sisi. Mtu anayeuliza kwa nia njema, mpe ukweli hata kama unaharibu ukurasa. Ukurasa wenye doa la kweli una faida kuliko ukurasa safi wa uongo."

Aligeuza uso kuelekea sauti ya karatasi.

"Andika," alisema.

Chiriku akaandika: Mara ya saba, sauti imekatika. Mzee hakusikia sawasawa. Kisha akainua kifaa chake kwa ajili ya mara ya nane.